Stata mpya, tatizo lilelile

SWALI: Gari langu lina zaidi ya miaka 20. Asubuhi linawaka bila shida, lakini nikilizima likiwa na moto, nikipiga stata nasikia "tak" moja tu. Stata ilibadilishwa, ikatulia kwa muda, sasa tatizo limerudi. Betri ni mpya. Ninunue nyingine?

JIBU: Usinunue kwanza. Stata inayokufa mapema kwenye gari kuukuu mara nyingi huuawa na umeme hafifu unaoifikia. Volti zikipungua, solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata) haikandamizi sawasawa shaba zake za kupitishia umeme. Zinapiga cheche na kuungua. Hapo injini inazunguka kivivu, unashikilia ufunguo muda mrefu, na stata inapata moto kupita kiasi. Mshukiwa wa kwanza ni waya wa arthi kati ya injini na bodi. Huo huoza chini ya oili na vumbi, na wengi hawaugusi kabisa.

Pima volti stata ikiwa inavuta. Kupima omu (ukinzani wa waya) kutakudanganya: waya uliobaki na nyuzi mbili tatu utaonekana mzima, ilhali hauwezi kupitisha ampea 150. Injini ikishapata moto, chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta huku injini ikinguruma, ijizime yenyewe, ili isiwake unapopima. Gia iwe huru, breki ya mkono juu, mikono mbali na feni.

Betri iliyotulia isome volti 12.6 hivi, mwenzako akipiga stata isishuke chini ya 9.6. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, si kwenye terminali iliyokibana, na nyingine kwenye chuma kitupu cha stata. Akipiga, isizidi volti 0.3. Ikizidi, fungua ncha za arthi, kwangua kutu na rangi hadi chuma king'ae, au badilisha waya. Upande wa chanya, toka kichwa cha betri hadi bolti nene ya stata, mwisho volti 0.5. Usipige zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Iache ipoe dakika 2.

Ikilia "tak" huku vipimo vyote viwili vikisoma sifuri, umeme umefika na mara nyingi umekwama ndani ya stata: shaba za solenoidi zimeungua au kaboni (vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota) zimekwisha. Vyote hubadilishwa bila kununua stata nzima.

Usisahau waya mwembamba wa solenoidi. Ukisoma chini ya volti 10 ufunguo ukiwa kwenye stata, huku betri yenyewe ikiwa juu ya hapo, swichi ya ufunguo au nyaya zake zimechoka. Koili ya solenoidi ikipata moto huwa na ukinzani mkubwa zaidi, ndiyo maana umeme unaotosha asubuhi hautoshi baada ya safari. Funga rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya ampea 40, yenye waya wake wenye fyuzi kutoka betri. Angalia pia kama lile bati linalokinga stata na joto la ekzosti bado lipo, na kama kava ya valvu haiidondoshei oili.

SWALI: Stata yangu wakati mwingine inakwaruza bila kuzungusha injini. Nikijaribu tena, inashika.

JIBU: Kaza kwanza bolti za stata. Zikiwa imara, kagua meno ya flaiwili (gurudumu la injini linalozungushwa na stata) mzunguko mzima. Injini ya silinda 4 huwa inasimama sehemu mbili zilezile, hivyo meno ya hapo ndiyo huisha. Yakiwa yamelika, badilisha ringi ya meno. Yaliyolika yatatafuna bendiksi (gia ndogo) ya kila stata utakayofunga.