Kitambaa kibichi hakizuii mvuke wa rejeta

FUNDI ANAJIBU

*Fundi, assalaam aleikum. Nina Noah ya zamani, ile ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele. Kila asubuhi natoka Wete kupeleka watoto skuli Chake Chake, wangu watatu na wanne wa jirani. Tangu msimu wa karafuu uliopita, mshale wa joto hupanda tukiwa kwenye vilima, tukifika tambarare unashuka. Shemeji yangu anasema si neno: nisimame, nifungue mfuniko wa rejeta kwa kitambaa kibichi, nitie maji ya kisima, niendelee. Amefanya hivyo mara mbili mbele yangu, na mara ya pili watoto walipiga kelele kwa ule mlio. Ndivyo inavyofanywa kweli?*
— Mama wa watoto watatu, Wete

Waaleikum salaam, mama. Hivyo sivyo, na nakuomba umsomee shemeji jibu hili kabla hajaigusa tena gari hiyo.

Mkono wangu wa kulia una kovu kutoka kiwikoni mpaka karibu na kiganja. Nililipata nikiwa na miaka 17, najifunza kazi kwenye gereji hapa Chake. Lori la magunia ya karafuu lilikuja limechemsha, dereva ana haraka ya kuwahi Mkoani, na mimi nilitaka nionekane nimeshakuwa fundi. Nikachukua kitambaa, nikakirowesha, nikazungusha mfuniko. Mlio siukumbuki. Nakumbuka mkono wa shati ukivuliwa na ngozi ikifuatana nao. Alhamdulillahi uso nilikuwa nimeugeuza upande kumjibu mtu.

Kilichotokea ni hiki. Maji ya sufuria jikoni huchemka yakifika nyuzi joto 100. Ndani ya rejeta hayachemki kwa joto hilo, kwa sababu mfuniko umeyabana. Tazama juu ya mfuniko wako gari ikiwa baridi, mara nyingi utaona namba, 0.9 au 1.1: hicho ni kipimo cha mbano ambao springi yake inauhimili kabla ya kuachia. Kwa mbano huo maji yanaweza kukaribia nyuzi 120 na yakabaki maji. Ukifungua, mbano unaondoka mara moja. Maji yaliyotulia kwa nyuzi 110 yanageuka mvuke papo hapo, na njia ya kutokea ni moja tu, ile shingo uliyoiinamia. Kitambaa hakina nguvu ya kuuzuia. Tena kikiwa kibichi ni kibaya zaidi, kwani nguo mbichi hupitisha joto upesi kuliko nguo kavu.

Kwa hiyo siku mshale ukipanda, zima eyakondishani kwanza, kisha washa hita mpaka mwisho na ufungue madirisha. Mtatoka jasho, lakini hita inachota joto la injini na kulileta ndani, na mara nyingi hilo linatosha kukufikisha penye nafasi ya kusimama. Mshale ukigusa nyekundu usiendelee hata kwa hatua mia. Egesha, zima injini, washushe watoto wote wakae mbali na barabara, upande wa kivulini. Ukiona mvuke, boneti na kiti usivifungue mpaka uishe. Halafu ngoja. Nusu saa ni kidogo, mimi hungoja saa nzima. Ule mpira mnene wa juu unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta ndio utakaokupa jawabu: ubonyeze kwa kitambaa kikavu, ukiwa mgumu kama mpira uliojazwa upepo basi mbano bado umo, mfuniko uuache. Ukibonyea kwa urahisi na hauchomi, zungusha mfuniko robo tu, ngoja usikie kama kuna kinachopumua, ndipo umalize. Na vidole viwe mbali na feni. Feni ya umeme inaweza kuzunguka yenyewe hata kama ufunguo umeshautoa.

Maji baridi juu ya injini ya moto pia hapana. Silinda hedi (vichwa vya injini) za gari hizi ni za alumini, zikishtuliwa hivyo hupinda au kupasuka, na hapo hutanunua tena mfuniko, utanunua injini.

Sasa ugonjwa wenyewe. Ungeniambia gari inachemka ukisimama foleni na inapoa ukikimbia, ningeanza na feni. Wewe inachemka kwenye mlima na kupoa tambarare. Injini inayopanda imebeba mzigo na inatoa joto jingi, na rejeta yako haiwezi tena kulitoa lote. Ama maji yamepungua, ama rejeta imeziba nje, ama imeziba ndani. Umetaja msimu wa karafuu, nami nimekumbuka gari ngapi zimenijia baada ya msimu na vumbi na vipande vya makonyo, vile vijiti vya karafuu, vimeshindiliwa kwenye mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa, kwa kupita kila siku pembeni ya majamvi yaliyoanikwa. Chunguza hapo kwanza, gari ikiwa baridi. Maji ya mpira wa bustani yapitishwe kutoka upande wa injini kwenda nje, taratibu, ili uchafu urudi ulikotoka. Ile mashine ya kuoshea gari kwa nguvu isikaribie, mapezi yale ni mepesi kama karatasi na yakilala hewa haipiti.

Kama nje ni safi, naingia kwenye maji ya kisima. Mama, fungua birika lako la chai utazame ndani. Ule ukoko mweupe ndio huohuo unaojijenga ndani ya vijia vya rejeta, ambavyo ni vyembamba kuliko kalamu ya mtoto. Na visima vya karibu na pwani vina chumvi juu ya chokaa, na chumvi inakula chuma. Watu wetu husema kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni ya nchi za barafu. Hapana. Huko inazuia maji yasigande, huku kwetu inazuia kutu na inafanya maji yachelewe kuchemka. Mchanganyiko wa kawaida ni nusu kulanti, nusu maji yaliyosafishwa. Kulanti tupu isitiwe, kwa kuwa peke yake hubeba joto vibaya kuliko ikichanganywa na maji. Rangi isikudanganye, kijani ya kampuni moja si kijani ya nyingine. Fuata kitabu cha gari, na usichanganye aina mbili. Dukani ukiomba maji ya betri, ndiyo hayo yaliyosafishwa, soma chupa kabla ya kulipa: wapo wanaoita maji ya betri kwa tindikali pia, na hiyo ikiingia kwenye rejeta ni msiba.

Na hili la mwisho ndilo ambalo shemeji hajakuambia. Maji yanazunguka humo humo ndani, hayatumiki kama petroli. Yakipungua, yamekwenda mahali. Kabla ya kuongeza, tafuta. Weka kadibodi chini ya gari usiku. Angalia maungio ya mipira kama yana ukoko wa rangi. Angalia chini ya pampu ya maji, ina kitundu kidogo ambacho huanza kutiririsha pampu ikichoka. Pekua zulia upande wa abiria wa mbele, likiwa limerowa na linanukia utamu, hita imetoboka. Chomoa kijiti cha oili: oili ikiwa kama chai ya maziwa, au moshi mweupe wa bomba hauishi hata injini ikishapata moto, gasketi ya hedi imekwenda, na gari hiyo isipakie watoto hata siku moja zaidi. Usikubali pia mtu atie manjano au yai kwenye rejeta kuziba tundu. Nimeshafungua rejeta za namna hiyo. Tundu linazibwa kweli, na vijia vyote vinazibwa pamoja nalo.

Ukiileta kwa fundi mwambie abadilishe na mfuniko, uwe na namba ileile ya ule wa kiwandani. Mpira wake ukishakauka haubani na haurudishi maji kutoka kwenye chupa ya akiba, nawe utakuwa unaongeza maji kila wiki kwa kosa la kitu cha bei ndogo.

*Fundi, mimi ni dereva wa watalii, nalaza gari Paje. Fundi mmoja aliitoa themostati ya RAV4 yangu na kuitupa, akasema nchi ya joto haiihitaji. Sasa gari inakula mafuta, na juzi nikienda mjini ilichemka vilevile. Nini hiki?*
— Kijana wa Paje

Mwanangu, amekutoa dawa akakuachia ugonjwa. Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi unafungwa ili ipate moto upesi, na ikifika nyuzi 80 na kitu unafunguka ili maji yaende kwenye rejeta. Ukiutoa, injini inafanya kazi muda mrefu ikiwa na baridi, kompyuta inaongeza petroli kwa kudhani ndiyo kwanza asubuhi, na oili haifiki joto lake. Ndiyo hayo mafuta unayolalamikia.

Kuhusu kuchemka: themostati za Toyota nyingi zina sahani ya pili upande wa chini. Mlango wa rejeta ukifunguka, sahani hiyo inaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupoa. Bila themostati, njia ya mkato iko wazi siku zote, na sehemu ya maji yako inazunguka moto kwa moto bila kuiona rejeta. Nunua mpya, yenye nyuzi zilezile zilizoandikwa kitabuni. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uyapashe. Utaiona kwa macho yako ikifunguka. Kama ina kivalvu kidogo cha kupumulia hewa, kikae pale kitabu kinaposema.

Na kwa kuwa gari inalala Paje, upepo wa bahari unaleta chumvi kwenye rejeta usiku kucha. Suuza mapezi kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki. Wanaopita mchangani maji ya bahari yakipwa wasuuze siku hiyohiyo. Nimeshaona mapezi yanapukutika kwa kuguswa na kidole.

*Mwanangu fundi, mjukuu wangu alimwaga maji ya kijani ya gari uani, hapa Makunduchi. Kesho yake paka wetu alikuwa akiyumba kama mlevi, na jioni akafa. Yahusiana? Nina wajukuu wadogo watambaao hapo.*
— Bibi wa Makunduchi

Shikamoo bibi, na pole. Naamini yahusiana. Kulanti nyingi zina kitu kiitwacho ethilini glikoli. Ni kitamu, kwa hiyo mbwa huilamba na mtoto naye hupenda ladha yake; paka utamu hausikii, lakini naye huilamba. Kwa paka kiasi kidogo mno kinatosha. Kuyumba ni dalili ya mwanzo, baadaye inashika figo.

Leo hii mwambie mjukuu mkubwa achimbe udongo uliorowa, autie kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga, kisha sehemu hiyo ifunikwe kwa mchanga mpya. Kuku na watoto wasikae hapo kwa siku kadhaa. Kisimani asimwage, wala karibu yake: chini yenu Makunduchi ni jiwe la matumbawe lenye matundu, kinachomwagwa juu hufika majini upesi. Siku nyingine akinge kwa beseni, amimine kwenye dumu lenye mfuniko, aandike SUMU kwa herufi kubwa na alipeleke gereji. Chupa ya soda asitumie kabisa, kwani mtoto anaijua chupa ya soda.

Ikiwa mtoto ameonja, au unashuku tu, usingoje ayumbe. Usimpe maziwa wala usimtapishe. Mchukue hospitali wakati huohuo, hata kama anacheza vizuri, maana dawa yake ipo na hufaa ikiwahi. Chukua na lile dumu mkononi, daktari asome mwenyewe kilichomo.