Shilingi kabla haijawa fedha yetu

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Kamusi moja inasema neno "shilingi" asili yake ni *skillingaz, lenye alama ya nyota mbele yake. Hilo ni neno la lugha gani, na lilitufikiaje? – Msomaji wa Morogoro

JIBU: Nyota hiyo inatahadharisha kwamba neno halikukutwa limeandikwa popote. Wanaisimu wamelijenga upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa na Kigermaniki cha Awali, kilichosemwa kaskazini mwa Ulaya yapata miaka 2,000 iliyopita. Wajerumani husema Schilling, Waholanzi schelling, na watu wa Skandinavia skilling, wakiihifadhi ile sk ambayo Waingereza waliigeuza kuwa sh. Shahidi mwenye uzito zaidi ni Kigothi, lugha iliyokwisha kufa: katika hati ya karne ya 6 iliyotunzwa Naples, makasisi wanakiri kwa maandishi kwamba wamepokea malipo ya skilliggs, jina ambalo Wagothi waliipa sarafu ya dhahabu ya Waroma, solidus.

Ubishi uko kwenye maana ya kwanza. Wapo wanaolihusisha neno hili na kitenzi cha kulia kama kengele, kwa kuwa sarafu ikianguka hulia. Dhana hiyo, kwa maoni yangu, inapendeza kuliko inavyothibitika. Wengine hutaja mzizi wa kukata, maana vipande vya madini vilikatwa na kupimwa katika malipo, na wengine *skelduz, yaani ngao, wakiongeza kiambishi cha udogo ili kupata "kijingao". Hii ya mwisho naiona ina nguvu, ingawa wanaoitetea kwa kutaja sarafu ya escudo (yaani ngao) ya Wareno wasahau hoja hiyo, kwani escudo iliitwa hivyo kwa sababu ya ngao iliyochorwa juu yake.

Kwa karne nyingi shilingi ya Waingereza ilikuwa kipimo cha hesabu tu. Sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, za mnamo mwaka 600, zinataja faini kwa shilingi, ilhali sarafu yenyewe ilianza kufuliwa takriban miaka 900 baadaye, wakati wa Henry VII.

Afrika Mashariki ilipewa shilingi mwaka 1921, baada ya rupia na florini, naye msemaji wa Kiswahili akaongeza irabu moja tu mwishoni. Tanzania, Kenya na Uganda zilianza kutoa shilingi zao mwaka 1966. Uingereza iliiacha yake mwaka 1971, na Austria ikaibadilisha kwa euro mwaka 2002.