Barua za mzee kutoka vitani, zisome hivi

Kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyepigana Vita vya Kagera na miaka yote hii kakaa kimya, usimuulize habari za vita, anzia kwenye barua. Mimi nilikosea hapo muda mrefu sana. Kila nikimuuliza baba waliona nini huko anajibu "tulitembea sana", basi, anawasha redio.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mgambo, wakamchukua mwishoni mwa 1978 Idi Amin wa Uganda alipotuvamia kule Kagera, enzi zile za Nyerere na hotuba yake ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Mama katunza barua zake saba kwenye kopo la biskuti. Zote zinaanza vilevile, dhumuni la barua hii ni kukujulia hali, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu, halafu mabomu hamna, maiti hamna, yaani hamna kitu! Nikaziona hazina maana mpaka siku niliyoangalia anachouliza badala ya anachosimulia. Ile ya Machi 1979, mji wa Masaka kule Uganda umeshavunjwavunjwa kwa mizinga, yeye anauliza darasa la nne wamefika wapi kwenye hesabu za sehemu. Hivi kweli jamani?

Aliporudi kufundisha, mama anasema mlango ukibamizwa tu anajikuta chini mbele ya watoto. Mwalimu mkuu hakumhoji, alimpa vipindi vya asubuhi tu muhula mzima na meza iliyoegemea ukuta ili aone mlango. Kwa hiyo wewe bosi ukiletewa mtu karudi, hata hawa vijana wetu wanaotoka kulinda amani Kongo, mpe kazi anayoijua, kidogo kidogo, na usimsimamishe kwenye kikao eti asimulie.

Barua zenyewe zipige picha kwanza, selotepu usiguse kabisa, inageuka njano na kula wino, moja nimeshaiharibu.

Halafu kaa naye umsomee kwa sauti. Nilimsomea ile ya Machi, akaniomba miwani, akaomba na kalamu nyekundu, akazungushia makosa matatu.

"Mwandiko mbaya huu," akasema. "Tuliandikia kwenye goti, na karatasi ilikuwa imelowa. Pale Lukaya, mbele ya Masaka, maji yalifika hapa." Akagusa kifua. Redio siku hiyo haikuwashwa.