Magoti sawa, na vidole je?

Dada uliyeuliza kama daktari alikukejeli kwa kukwambia "punguza mwili kwanza, magoti yatapoa": hakukukejeli, ila amekupa nusu ya habari.

Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda. Nilipofika kilo 96 magoti yalianza kulia, na kila mteja akawa daktari: ni uzito huo, mama. Haya. Lakini asubuhi nilikuwa nashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Vidole vimekakamaa, nakumbatia kikombe cha chai mpaka vilegee, na kazi ya kutunga namwachia binti ninayemfundisha. Tangu lini mtu akatembelea vidole?

Swali hilo nililipeleka kliniki. Nikaelezwa kwamba mafuta ya mwilini si gunia la posho, unga wa ugali, lililolala stoo. Yanafanya kazi. Yanamwaga kwenye damu kemikali kama interlukini-6, zilezile mwili unazotoa ukiumia, ila hapa jeraha hakuna na bomba halifungwi. Neva zikikaa humo siku nenda siku rudi zinakuwa na kisirani, kidogo tu zinapiga kelele. Ndiyo maana wanene huugua viungo vya mikono kuliko wembamba, na mikono haibebi mwili.

Halafu maumivu nayo yananenepesha, na hili ndilo watu hawalisemi. Usiku nilikuwa nageuka kama chapati. Usingizi ukikatika, ghrelini, homoni ya njaa, inapanda. Leptini, inayoambia ubongo tumeshiba, inashuka. Mimi asubuhi ningeacha kikomando? Chapati mbili, maharage juu, kabla sijafungua duka. Nikaandikiwa amitriptilini, dawa ya maumivu ya kumeza usiku: usingizi ukaja, njaa nayo ikaja mbio. Baadhi ya dawa za maumivu ndivyo zilivyo. Usiiache kimyakimya, mrudie daktari. Wangu alinipunguzia dozi.

Kwa hiyo mimi nilianza na usingizi, mto katikati ya magoti, kisha posho nusu sahani, kutembea mwisho. Kila kilo ukitoa, goti linapunguziwa kama kilo nne kwa kila hatua, kwa hiyo usidharau kilo mbili. Mwaka mzima nimeshuka hadi 88. Kwenye ngazi bado nashika ukuta. Sindano natunga mwenyewe, ila si kabla ya saa tatu.