Bolti za sahani ya tela zinalegea: nichomelee?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina kichwa cha Scania cha mtumba kinachovuta makontena kutoka bandarini kwenda Morogoro. Ile sahani ya kuungia tela niliibadilisha mwaka jana, lakini kila baada ya safari chache bolti zimelegea. Fundi mmoja Gerezani anataka kuichomelea moja kwa moja kwenye chesisi, anasema haitacheza tena. Nimkubalie? Na kuishusha, vijana wanne wanatosha?
Msomaji, Tabata

JIBU: Nianze na vijana. Sahani ya semi ina kilo 150 hivi, na ikiteleza haina huruma na vidole. Tafuta chenibloki, ile winchi ya mnyororo ya kuinulia mizigo.

Kuchomelea, hapana. Ndugu yangu, swali hili naletewa kila mara, na kila mara nyuma yake yupo mtu anayeamini kwamba kilichochomelewa kina nguvu kuliko kilichofungwa kwa bolti. Kwenye chesisi ya lori ni kinyume chake. Nguvu ya chuma kile imetoka kiwandani, na moto wa welding unaiharibu pembeni mwa mshono. Mshono wenyewe utauona mzuri, mnene. Ufa utaanzia milimita chache kando yake, chini ya rangi, na utakua taratibu kila unapopita kwenye tuta na kontena limejaa. Ndiyo maana watengenezaji wa malori hukataza kuchomelea kingo za juu na za chini za chesisi, na bolti za vyuma vya pembe vinavyobeba sahani hupitishwa ubavuni.

Sasa bolti zako zinalegea kwa nini? Wengi hudhani bolti inavuta tela kwa shingo yake. Sivyo. Kazi yake ni kubana vyuma viwili mpaka msuguano kati yao ndio uzuie sahani isisogee. Rangi nene katikati, kutu, kipande cha mpira alichoweka mtu eti kupunguza kelele, au tundu lililotobolewa kwa gesi likawa umbo la yai: chochote kati ya hivi kinaua ule mbano. Sahani ikishaanza kucheza, hakuna nati itakayovumilia, hata uikaze kila asubuhi.

Kwa hiyo ishushe. Kwangua mpaka chuma kitupu kionekane, kagua matundu, na chuma cha pembe chenye tundu lililopanuka kibadilishe, kipya kitobolewe kwa mashine. Nunua bolti na nati mpya za daraja la nguvu aliloagiza mtengenezaji wa sahani, 8.8 au 10.9, namba iwe imegongwa kichwani. Isiyo na namba mrudishie muuzaji. Kaza kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha mtengenezaji, kisha rudia kukagua baada ya safari ya kwanza. Anayekaza kwa bomba refu na uzito wa utingo hajui amefika wapi.

Welding ina mahali pake hapo: vile vizuizi vinavyozuia sahani isiteleze mbele na nyuma huchomelewa kwenye bamba lililo chini ya sahani, mbali na chesisi. Fundi asikuchanganye kwa hilo.

Na ugonjwa huu haukomei kwenye vichwa, wenye matela nanyi sikieni. Kingpini ni ile pini ya tela inayoingia na kufungwa kwenye sahani; ya inchi 2 ikiwa mpya ina milimita 50.8 kwenye shingo. Ikishuka hadi 49 imekwisha, inatolewa. Badala ya kuitoa, wajanja wanaijaza kwa elektrodi, wanaisaga kwa grinda mpaka kipimo kinarudi, na gari linaingia barabara ya Morogoro likiwa na tani kadhaa zinazoshikiliwa na chuma kilichoungua. Pini ya namna hiyo haipindi ikakuonya, inakatika. Ukienda kununua tela ya mtumba, futa grisi yote kwenye pini kabla hujatoa hela. Mshono hufichwa chini ya grisi mpya, tena nene.