Kabla ya kupima bahari, uliza maji yako wapi

Mwaka wangu wa kwanza wa utafiti nilipoteza wiki nzima kwa kutojua bamvua, siku za mwezi ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nakusanya takwimu za mwani mashariki mwa Unguja. Kibali ninacho, sahihi ya sheha, kiongozi wa mtaa, ninayo, hojaji ya kurasa saba mkononi. Nafika kijijini, nakuta watoto na wazee. Kinamama wote wako baharini, kwa sababu siku hizo chache maji yanapokupwa mbali ndizo za kufunga mbegu na kuvuna. Wakirudi, gunia kichwani, chumvi imewakaukia miguuni, ndipo mimi nasimama mlangoni kuuliza, "Kaya yenu ina watu wangapi?" Walinijibu kwa adabu tu. Nusu ya majibu yale sikuweza kuyatumia.

Kwa hiyo wewe unayeanza: mahojiano fanya maji mafu, siku ambazo maji hayapandi wala hayashuki sana, vipimo fanya bamvua. Chuo kitakupangia tarehe kwa kalenda ya ukutani. Rudi nayo ukaombe ibadilishwe. Mimi niliona haya kuomba, ikanigharimu.

La joto la maji lilinifundisha zaidi. Nilikuwa napima saa kumi alasiri, saa ambayo usafiri ulinifikisha. Bibi mmoja akanitazama siku tatu bila kusema kitu. Siku ya nne akaniambia, "Mwanangu, maji hayo yameingia sasa hivi kutoka nje. Yanayoua mwani wangu ni ya saa tano, yakishakupwa yakabaki kidogo juani." Alikuwa sahihi. Kwetu, siku za bamvua, maji hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na alasiri huwa yamejaa. Vipimo vyangu vilikuwa safi, vya maji yasiyohusika.

Jambo hilo si dogo. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu za kutoka Ufilipino. Kotonii ndiyo aina ya mwani yenye bei nzuri, lakini haivumilii joto. Hugeuka nyeupe, hulainika, hukatika kwenye taitai, vikamba vya kufungia mbegu. Tangu miaka ya 2000 imekuwa ikifa sehemu nyingi, na wakulima wengi wakabaki na spinosamu, aina nyingine ya bei ndogo. Njia mojawapo ni kulima kwenye kina kirefu zaidi, ila huko unahitaji chombo na kujua kuogelea, na wengi wa wakulima hawa ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea. Ukimpa mtu kama huyo takwimu za saa kumi alasiri, unamshauri vibaya kwa lugha ya kitaalamu.

Mradi uliofuata tuliwaachia wao kipimajoto. Daftari, penseli (penseli huandika hata karatasi ikiwa na unyevu), na wasichana wawili waliomaliza kidato cha nne kufundishwa siku mbili. Posho yao iandike kwenye bajeti kwa jina lake, usiifiche kwenye "mengineyo", kwa sababu mengineyo ndiyo hukatwa kwanza. Na ukichapisha makala, fikiria kwa dhati kama aliyepima mwaka mzima anastahili kuwa mwandishi mwenza. Wenzangu wengine hapa hunikunjia uso.

Watu huniuliza uwezo wa utafiti katika kanda yetu utatoka wapi. Taasisi tunazo: ya Sayansi za Bahari hapa Unguja ipo tangu 1978, na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa Bahari ya Hindi Magharibi, tangu 1993. Ila nenda Gazi, Kwale, nchini Kenya, ukaone kilicho nyuma ya Mikoko Pamoja, mradi wa kuuza kaboni ya mikoko ulioanza 2013. Kabla yake kulikuwa na miaka mingi ya watafiti kupanda na kupima mikoko pamoja na wanakijiji. Au tazama pweza. Andavadoaka, Madagaska, walifunga mwamba usivuliwe kwa miezi kadhaa mwaka 2004 ili pweza wakue. Baadaye mtindo huo ukafika Kisiwa Panza, Pemba. Mvuvi humwamini mvuvi aliyeona mizani ikipanda.

Kurudisha matokeo kijijini ndiko tunakoshindwa wengi. Nilipokwenda kijiji kile mara ya pili, swali la kwanza barazani lilikuwa, "Makaratasi yale ya mwanzo yalizaa nini?" Sikuwa na jibu. Siku hizi narudi na kurasa mbili za Kiswahili kabla sijaandika muhtasari wa mkutano wowote, na nakaa mkekani nikakosolewa. Kuna safari walinifutia grafu nzima kwa kunikumbusha kwamba wiki ile ya kusi mbegu ziling'olewa na mawimbi, hazikufa kwa joto. Ningeichapisha.

Mwezi uliopita mmoja wa wale wasichana alinipigia simu. Vipimajoto viwili vinatofautiana nyuzi moja na nusu, ameviweka kwenye ndoo moja kuhakikisha, na anataka kujua tangu lini, kwa sababu daftari la miezi mitatu liko mashakani. Bamvua ijayo naenda na cha tatu.