Tairi za theluji kwenye gari la Japani

Kaka, kama gari lako limeshuka bandarini na tairi zilizoandikwa STUDLESS, tafadhali usiende nazo Malindi. Hizo ni tairi za theluji. Mpira wake ni laini makusudi, usikakamae baridi ikishuka chini ya nyuzi 7, na ile mikato myembamba kama nywele ni ya kung'ang'ania barafu. Kwa joto letu la Mombasa zinalika upesi, na ukikanyaga breki gari linachelewa kusimama, hasa lami ikilowa. Halafu mwambie fundi aingie uvunguni. Kule kwenye theluji barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu, nayo hula chesisi na paipu za breki. Paipu yenye kutu, badilisha.